Mzigo Uliounganisha Nchi Kavu, Maji na Anga: Vita vya Kwanza vya Dunia Vilivyopiganwa Afrika Mashariki

Mchana wa tarehe 11 Julai 1915, juu ya mikoko ya delta ya Rufiji, ndege ndogo ya mbao na kitambaa ilikuwa ikizunguka huku mmoja wa watu wawili waliokuwemo akigonga ishara za simu ya upepo kwenda kwa meli mbili za Kiingereza zilizokuwa zimeingia mtoni. Wapiga mizinga wa meli hizo, Severn na Mersey, hawakuiona shabaha yao hata kidogo. Mbele yao palikuwa na ukuta wa miti, na nyuma ya miti hiyo, kilomita kadhaa juu ya mto, ilikuwa imejificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ambayo nayo ilikuwa ikijibu kwa mizinga yake ya milimita 105. Kila kombora la Kiingereza lilipoanguka, mtazamaji aliyekuwa angani alieleza limeangukia wapi, na wapigaji wakarekebisha shabaha. Ndege ilipopigwa na injini yake kuharibika, rubani John Cull aliishusha kuelekea mtoni, na mwenzake Harwood Arnold akaendelea kutuma masahihisho wakiwa wanashuka. Mabaharia wa Mersey waliwaopoa wote wawili wakiwa hai. Kabla ya jioni Königsberg ilikuwa inawaka moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe kwa mikono ya mabaharia wake wenyewe.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya manowari na mabaharia, na vita vya Tanga husimuliwa peke yake, na safari ndefu ya Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nayo peke yake. Msomaji hubaki na vipande vitatu, kimoja cha bahari, kimoja cha nchi kavu na kimoja cha anga, bila kujua vinaunganaje. Kwa maoni yangu vinaunganishwa na jambo moja ambalo vitabu vingi hulitaja kwa mistari michache tu, nalo ni mzigo: nani aliubeba, kwa umbali gani, na alikula nini njiani. Hata Königsberg yenyewe haieleweki bila jambo hilo. Boila zake zilipohitaji matengenezo mwishoni mwa mwaka 1914, sehemu zake ziliburutwa na mamia ya watu kupitia nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, kisha zikaburutwa vilevile kurudi Rufiji. Na baada ya meli kuzama, mizinga yake yote 10 iliopolewa kutoka mtoni, ikafungwa kwenye magurudumu, ikavutwa na wapagazi kwenda kupigana bara. Silaha ya bahari ikawa silaha ya nchi kavu kwa nguvu za mabega ya watu.

Ili kuelewa ilikuwaje hali ikafika hapo, inafaa kurudi Agosti 1914. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilijumuisha nchi ambazo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi, nayo ilizungukwa karibu pande zote na makoloni ya wapinzani: Waingereza kaskazini na kusini-magharibi, Wabelgiji magharibi, na Wareno kusini, ambao waliingia vitani mwaka 1916. Baharini Uingereza ilikuwa na nguvu zisizolinganishwa. Gavana Heinrich Schnee alitamani koloni lake lisiguswe na vita, akitegemea vifungu vya mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 vilivyotoa nafasi kwa makoloni ya bonde la Kongo kutofungamana na upande wowote. Kamanda wake wa kijeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Dar es Salaam Januari 1914, aliona tofauti kabisa. Alikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wapatao 260. Alijua kwamba koloni lisingeamua matokeo ya vita na kwamba hangeweza kuishinda Uingereza. Alichotaka ni kuwashughulisha Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo, ili kila askari, kila meli na kila tani ya chakula iliyopelekwa Afrika ipungue katika mapigano ya Ulaya.

Msomaji azingatie sana hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Kamanda ambaye lengo lake ni kuteka mji au mpaka hufika mahali akasimama. Kamanda ambaye lengo lake ni kumchosha adui hana sababu ya kusimama kamwe, na kadiri vita vinavyorefuka ndivyo anavyohesabu kwamba amefaulu. Waliolipa gharama ya urefu huo ni watu wa nchi ambamo majeshi yalipita, na hao hawakuulizwa na upande wowote.

Vita vilianza majini. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Siku mbili kabla ya hapo Königsberg ilikuwa tayari imeikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, kwenye maji ya Uarabuni, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliingia Zanzibar, ikaikuta manowari Pegasus imetia nanga ikiwa katika matengenezo ya mitambo, ikaizamisha. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulificha udhaifu mkubwa zaidi. Manowari ya wakati ule ilikula makaa ya mawe usiku na mchana, na bandari zote za karibu ambako makaa yangepatikana zilikuwa mikononi mwa adui. Ndiyo maana Looff alikimbilia Rufiji, mahali ambapo maji hupwa na kujaa, matawi ya mto ni mengi, na meli kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli ya makaa, kisha wakakaa nje wakisubiri.

Kusubiri huko kuligharimu miezi minane na manowari kadhaa zilizohitajika kwingineko, na hapo ndipo anga ilipoingia. Ndege ya kwanza ilikuwa ya raia aliyeajiriwa Durban, aina inayotua majini, nayo iliharibika na rubani wake akakamatwa. Zilizofuata zilishindwa na joto na unyevu: gundi iliachia, mbao zilijikunja, na injini hazikuweza kuinua uzito uliotakiwa. Kisiwa cha Mafia kilitekwa Januari 1915, na baadaye kikatengenezwa kiwanja cha ndege za kutua ardhini. Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazili kabla ya Uingereza kuzichukua, zilivutwa kwa kamba na meli nyingine kutoka Malta, zikafika Juni 1915. Shambulio la kwanza la tarehe 6 Julai lilishindwa, na la pili ndilo lililoelezwa mwanzoni. Hivyo ili kuiangamiza manowari moja iliyokwama mtoni ilibidi kuteka kisiwa, kujenga kiwanja cha ndege, kuvuta meli mbili kupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, na kufundisha watu wa angani na wa majini kuzungumza lugha moja ya ishara.

Nchi kavu nako, mwaka wa kwanza ulionyesha kwamba kutawala bahari hakutoshi. Mapema Novemba 1914 jeshi lililotoka India, lenye watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilifika Tanga. Nahodha wa manowari Fox, Francis Caulfeild, alishuka kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yaliyofanywa na wakuu wa mji yamekoma, kisha muda mwingi ukapotea kwa hofu ya mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa akiwapakia askari wake kwenye treni Moshi na kuwateremsha Tanga, kundi baada ya kundi. Bahari ilimpa Mwingereza uhuru wa kuchagua pa kushukia, na reli ilimpa Mjerumani uwezo wa kuwahi pale pale. Wajerumani na askari wao, ambao hawakuzidi sana 1,000, waliwarudisha wavamizi pwani. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwauma watu wa pande zote mbili, na kisa cha nyuki kimesimuliwa mno kuliko kinavyostahili. Uzito wa Tanga uko kwenye ratiba ya treni na katika vitu vilivyoachwa ufukweni. Waingereza walipoondoka waliacha mamia ya bunduki, risasi zipatazo 600,000 na bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa, na jeshi la Kijerumani likaishi kwa mali hiyo kwa muda mrefu.

Miezi miwili na nusu baadaye, Januari 1915, Lettow-Vorbeck aliiteka ngome ya Waingereza huko Jasini karibu na mpaka, na ushindi huo ukamtisha kuliko ungalikuwa ni kushindwa. Alipoteza maafisa ambao hakuwa na namna ya kuwapata wengine, na risasi zipatazo 200,000. Tangu hapo aliepuka vita vya uso kwa uso isipobidi, akageukia vikundi vidogo vya kuharibu reli ya Uganda. Bahari ilikuwa imefungwa, na kila risasi iliyopigwa ilikuwa imepotea kabisa isipokuwa ile itakayonyang'anywa adui.

Hata hivyo bahari haikuzibwa kabisa. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilifika kaskazini ya Tanga ikiwa imebeba makaa kwa ajili ya Königsberg pamoja na bunduki na risasi. Manowari Hyacinth iliiona na kuishambulia, nahodha wake Carl Christiansen akaiingiza ghubani na kuizamisha kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini imeteketea. Wapiga mbizi waliitoa shehena hiyo kidogo kidogo, risasi zikafunguliwa na kukaushwa, kisha zikapandishwa bara vichwani mwa watu. Makaa hayakuifikia Königsberg, na hilo lilimaliza matumaini ya Looff ya kurudi Ulaya, lakini risasi zilirefusha vita vya nchi kavu. Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi kusini, na shehena yake ikasambazwa na maelfu ya wapagazi. Kwa mahitaji mengine koloni lilijitengenezea: kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ya mkwinini, na bila dawa hiyo Wajerumani wasingedumu msituni hata mwaka mmoja.

Ziwa Tanganyika lilikuwa bahari ya pili ya vita hivi. Aliyelitawala ziwa aliweza kuhamisha askari wake haraka kati ya Kigoma na kusini, na kuizuia Kongo isivuke. Mwanzoni Wajerumani ndio waliokuwa na meli humo, Hedwig von Wissmann na Kingani, na Februari 1915 waliongeza Graf von Götzen, meli kubwa iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapandishwa reli ya kati hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Baadaye ilifungwa mmoja wa mizinga ya Königsberg. Waingereza walijibu kwa boti mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi mwisho wake katika Kongo ya Kibelgiji, zikavutwa kwa magari ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikateremshwa mto Lualaba, zikapanda reli tena, na hatimaye zikafika ziwani. Njia ya milimani ilitengenezwa na watu wa vijiji vya hapo, waliokata miti, waliofukia mabonde na kujenga madaraja mengi kwa magogo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Wabelgiji walileta ndege zinazotua majini, zikaipiga Kigoma kwa mabomu katikati ya mwaka huo. Julai 1916, majeshi ya Kibelgiji yakikaribia kwa nchi kavu, Wajerumani waliipaka mafuta mitambo ya Götzen na kuizamisha wenyewe. Iliopolewa mwaka 1924, ikapewa jina Liemba, ikaendelea kubeba abiria kwa miongo mingi iliyofuata.

Mpaka hapa vita vilikuwa vya pwani, reli na maziwa, yaani mahali ambapo chombo hubeba mzigo. Mambo yaligeuka mwaka 1916. Jan Smuts wa Afrika Kusini alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza mwezi Februari, akaingia kutoka Kilimanjaro kwa maelfu ya askari wa farasi, magari na mikokoteni ya ng'ombe. Wabelgiji waliingia kutoka magharibi, na jeshi jingine kutoka Nyasa (sasa Malawi) na Rodesia ya Kaskazini (sasa Zambia). Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916, Tabora tarehe 19 mwezi huo huo. Kwenye ramani ilionekana vita vimekwisha, kwa kuwa bandari zote na reli zote mbili za Wajerumani zilikuwa zimekamatwa. Lakini Lettow-Vorbeck alikuwa hahitaji tena bandari wala reli, ilhali adui zake walizihitaji kila siku. Kila hatua aliyorudi nyuma iliwatenga wao na treni zao.

Kisha mbung'o wakaanza kazi. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa Smuts walikufa kwa maelfu, na mvua za mwishoni mwa 1916 na mwanzoni mwa 1917, zilizofurisha Rufiji, zikayazamisha magari kwenye matope. Kati ya askari wazungu wa Afrika Kusini, 12,000 hadi 15,000 walirudishwa kwao kwa malaria na kuhara. Mahali pao pakachukuliwa na vikosi vya Gold Coast (sasa Ghana) na Nigeria vilivyoletwa kwa bahari, na zaidi sana na askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), ambao waliongezeka kutoka batalioni 3 mwaka 1914 hadi 22 mwishoni mwa vita. Mnyama akiwa amekufa na gari limekwama, kilichobaki ni mtu.

Hapa naomba msomaji afanye nami hesabu ndogo, maana inaeleza zaidi kuliko ramani yoyote. Mpagazi hubeba takriban kilo 25. Anahitaji takriban kilo 1 ya chakula kwa siku, na nchi anayopita imekwisha kuliwa na jeshi lililotangulia, kwa hiyo chakula chake ni lazima kitoke katika mzigo ule ule anaoubeba. Akitembea siku 5 kwenda na siku 5 kurudi, atakuwa amekula kilo 10, na kilo 15 zitafika kwa askari. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, atakula kilo 20, na zitafika kilo 5 tu. Akifika siku ya kumi na tatu, hana kitu cha kumkabidhi yeyote, na posho iliyobaki haitoshi kumrudisha nyumbani. Njia pekee ya kuvuka mpaka huo ni kuongeza wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi, na hao nao wana matumbo. Au kupunguza posho. Makamanda walifanya yote mawili, na tarakimu hizo ndizo zilizowaua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo mahitaji ya watu yalipanda bila kikomo. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliochukuliwa katika miaka yote ya vita wanakadiriwa kufikia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Rodesia ya Kaskazini, na katika koloni la Kijerumani lenyewe kadiri lilivyotekwa. Kule Nyasa na Rodesia waliitwa tengatenga. Kenya kikosi chao kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa aliyelalamika mara kwa mara kwa wakubwa wake kuhusu hali yao. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu serikali kuwachukua kwa lazima, mshahara ukashushwa hadi rupia 5 au 6 kwa mwezi, na mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth akasimamia msako mkubwa zaidi wa kuwakusanya wanaume. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, lilipopita vinywani mwa watu likawa Kariakoo, na likabaki mpaka leo Dar es Salaam, na Nairobi kwa umbo la Kariokor. Watu hununua vitu Kariakoo kila siku, na ni wachache wanaokumbuka kwamba pale palikuwa kambi ya watu waliosubiri kupangiwa mizigo.

Wengi wao hawakuuawa na adui. Mtu wa nyanda za juu za baridi alipelekwa kwenye bonde la malaria, akapewa unga wa mahindi ambao tumbo lake halikuuzoea, bila sufuria ya kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, akaula nusu mbichi, akapata kuhara, akalala kwenye mvua bila blanketi ya pili, akapata homa ya mapafu. Hesabu rasmi ya Waingereza ilifikia wapagazi 95,000 waliofariki, na wanajeshi wao waliofariki walizidi kidogo 11,000. Yaani kwa kila askari mmoja aliyekufa, walikufa wapagazi wanane au zaidi. Upande wa Wajerumani hakuna hesabu ya kuaminika, kwa sababu watu walikamatwa kijijini, wakabebeshwa, wakaachwa njiani walipodhoofika, na hapakuwa na karani wa kuandika majina. Wake na watoto wa askari nao waliandamana na safu ya Lettow-Vorbeck, wakibeba vyombo na nafaka.

Anga, ambayo Rufiji iliamua matokeo, huku bara haikufua dafu. Marubani wa Kikosi cha 26 cha Uingereza walifika Mbuyuni mapema mwaka 1916, wakapeleleza na kuangusha mabomu, lakini msitu uliwafunika adui, na safu iliyosikia mngurumo wa injini ilijificha chini ya miti ikapita usiku. Ndege iliyotua kwa dharura porini ilikuwa imepotea, na mara nyingi rubani pia.

Jaribio la ajabu zaidi la angani lilifanywa na Wajerumani. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha gesi cha aina ya Zeppelin, L59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria chini ya Ludwig Bockholt, kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, bombomu, dawa na vifaa. Hakikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na chuma chake kingetumika tena. Kilivuka Bahari ya Mediterania, Misri na sehemu ya Sudan, na magharibi ya Khartoum kikapokea ujumbe wa kukirudisha, kwa kuwa nchi za juu kilikotarajiwa kushukia hazikuwa tena mikononi mwa Lettow-Vorbeck. Kilitua Bulgaria tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 angani na umbali wa kilomita zipatazo 6,800. Ni safari ya kustaajabisha kweli. Lakini gawanya tani 15 kwa kilo 25. Shehena yote ya chombo kile kilichokuwa fahari ya uhandisi ingebebwa na wapagazi 600, idadi ambayo jeshi la Kiingereza lingeipoteza kwa ugonjwa bila gazeti lolote kuandika mstari.

Mwezi mmoja kabla ya safari hiyo, Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano makali kuliko yote ya vita hivi huko Mahiwa, kusini karibu na Lindi. Kwa siku nne Wanigeria na askari wa Keya walishambulia na kushambuliwa kwa karibu sana, na upande wa Uingereza ukapoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini risasi zake zilikuwa karibu kwisha, akalazimika kuondoka. Siku ile ile L59 ilipotua Bulgaria, tarehe 25 Novemba, yeye alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno, akazijaza upya ghala zake kwa kuzipora ngome za Wareno kuanzia Ngomano. Kwa miezi kumi aliyaburuta majeshi ya Uingereza mpaka karibu na Quelimane na kurudi, akavuka tena Ruvuma mwishoni mwa Septemba 1918, akaingia Rodesia ya Kaskazini, ambako habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia tarehe 13 Novemba. Alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Alirudi Ujerumani akapokewa kama jenerali ambaye hakushindwa, na sifa hiyo imerudiwa tangu wakati huo. Mimi naona ni sifa iliyopimwa kwa kipimo kibovu. Ili safu yake isishindwe, ilikula kila ghala ililolikuta, na ili Waingereza waifuate, walikula kilichobaki. Nchi ya Wagogo, iliyoko katikati ya njia ya reli, ilinyang'anywa ng'ombe na nafaka na pande zote mbili na wanaume wake wakachukuliwa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikaanguka njaa wanayoiita Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, inayokadiriwa kuua watu 30,000. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliwakuta watu waliokwisha kukonda, na ikasafiri kwa njia zile zile zilizofunguliwa na vita: meli, treni, na safu za wapagazi waliokuwa wakirudi makwao.

Mizinga ya Königsberg inaweza kuonekana mpaka sasa, mmoja katika Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, na mtu yeyote anaweza kusimama karibu nao na kusoma ni wa meli gani. Wapagazi walioivuta hawapatikani kwa urahisi huo. Vitabu vya majina yao viliandikwa kwa haraka au havikuandikwa, mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao kamwe, na makaburi yao mengi yaliachwa porini bila alama wakati makaburi ya maafisa yalikuwa yakijengewa mawe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni watu 234,000, na hakuna kumbukumbu inayoweza kusema kama waliishi wakarudi nyumbani au walibaki njiani.